Kiraka cha Kasiva

Kasiva, mzaliwa wa Voi, alitunza kompyuta za shirika dogo linalofuatilia ndovu kwa kamera kule Kasigau. Diski yao mpya, kubwa kuliko zote walizowahi kuwa nazo, ilikuwa karibu kujaa stima ilipopotea. Iliporudi, diski ikagoma kufunguka.

Gilbert, Mdawida aliyezifunga zile kamera mitini kwa mikono yake, akashika kichwa. "Dada, si ulisema hii haisumbuliwi na stima?"

"Nilisema. Wacha nijue mbona imenitia aibu."

Programu inayopanga mafaili huandika kando kila inachokusudia kufanya, ili stima ikikatika ijue pa kuendelea. Kasiva aliisoma mstari kwa mstari hadi akayaona makosa: namba ya kuonyesha mahali pa kuandika stima ikirudi ilitengewa nafasi ndogo. Diski ikipita terabaiti kumi na sita, kama hii yao, namba inajaa na kurudi sufuri, kama mita ya gari kuukuu. Cha kuandikwa mwishoni mwa diski kiliandikwa mwanzoni, juu ya ramani inayoonyesha kila faili lilipo.

Ramani ilikuwa na nakala ya akiba, kwa hivyo video zikaokolewa. Kasiva hakuridhika. Akaipanua ile nafasi, akatuma kiraka, yaani mistari ya kurekebisha kosa, kwa wasimamizi wa programu ng'ambo.

Kikarudishwa. Namba bado inakatwa njiani, walimwandikia, na umejaribu kwenye diski gani?

Akasonya. Kisha akakubali kwamba walisema kweli. Diski nyingine kubwa hana, basi akaunda ya uongo ndani ya laptopu yake.

"Hii ni diski hewa," akamwambia Gilbert.

"Kama wafanyakazi hewa?"

"Hao hao. Inajidai kubwa, ndani hamna kitu."

Akaifuata namba kila inapopita, akipanua penye ufinyu, akiizima diski hewa katikati ya kazi makusudi. Safari hii ilisimama imara. Kiraka cha pili kikapokelewa, na jina lake likaingia kwenye programu inayotumika duniani kote.

Ikabaki kuijaribu diski yenyewe kwa programu iliyorekebishwa. "Ng'oa waya," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Ng'oa!"

Gilbert akafumba macho, akavuta. Kompyuta ikazimika. Walipoiwasha tena, diski ikafunguka bila kinyongo, na ndovu jike akatokea kiooni akila mahindi ya watu.

"Wee Kasiva!" Gilbert akaruka.

Kasiva akapiga kigelegele, mpaka muuza ndizi wa nje akachungulia dirishani kuuliza nani anaolewa.