Kopo la Noti Kutoka Suji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu hakunionyesha hata sarafu moja. Alinipeleka bombani, nyuma ya chumba chetu cha makumbusho pale Same mjini, akaniambia ninawe mikono na kuikausha vizuri.

"Jasho la kiganja, binti, linakula shaba taratibu," alisema.

Nilikuwa nimetoka Maore, mikono imezoea jembe. Nilidhani ananitania.

Alinifundisha kushika sarafu ukingoni, kwa vidole viwili. Weusi ulioganda juu ya heller, zile sarafu za enzi ya Wajerumani, na senti za tundu za Waingereza haufutwi kwa majivu wala ndimu. Ndiyo ngozi ya sarafu, ukiutoa umeichuna. Baadaye nilipelekwa kwenye ghala letu la milimani, chini ya Msimamizi wa Ghala, mtu mkali aliyepigana na ukungu maisha yake yote. Kule noti huota kuvu upesi usipofungua madirisha jua linapochomoza. Niliporudi Same, nilikuwa Mtunza Noti, chini ya Mhifadhi mpya, mzee mpole asiyependa haraka.

Hapo ndipo alipokuja Mama Namkunda, mjane kutoka Suji, pamoja na mwanawe mkubwa, Elinihaki. Walikuwa wamebomoa nyumba ya zamani ya udongo ili wajenge mpya, wakakuta kopo ndani ya ukuta. Ndani mlikuwa na noti za zamani, zimelowa na kugandamana kama kipande cha sabuni.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ninataka kujua tu kama ni pesa kweli."

Noti zilizogandamana hazivutwi. Nilizilaza kati ya karatasi zenye unyevu kidogo, ndani ya sanduku lililofungwa, zilainike zenyewe. Kisha nilizibandua moja moja kwa kijiti bapa cha mbao, nikazikausha chini ya uzito mwepesi. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Waliporudi, nilikuwa nimezitandaza mezani.

Mhifadhi aliziinamia. "Ni pesa kweli, mama, ila za zamani. Noti zilipobadilishwa, waliochelewa kuzipeleka benki zikawafia mikononi."

Mama Namkunda alikaa chini bila kuambiwa. "Zikawafia?"

"Ndiyo. Pesa ikishaondolewa, imekufa."

Mama Namkunda aliziangalia tena. Kisha akatueleza. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge kule tambarare, akamwahidi kuwa anaweka akiba ya kuezeka nyumba kwa bati. Kisha akaumia mguu, akalazwa miezi, ile ile ambayo noti zilibadilishwa. Aliporudi hakuleta bati wala senti.

"Nilipomuuliza, alisema pesa imekufa. Nikamjibu pesa haifi, inanywewa. Nilimwita mlevi mbele ya ndugu zake. Toka siku hiyo hakuitaja tena, mpaka tukamzika."

Elinihaki alikuwa amesimama mlangoni. Wadogo zake walipochanga kusakafia kaburi la baba yao, yeye peke yake alikataa, na kaburi likabaki udongo. Alisema mtu aliyekunywa bati za watoto wake hastahili saruji. Sasa aliziangalia zile noti, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Naruhusiwa kushika?" aliuliza.

"Shika ukingoni," nilimwambia.

Akaishika moja. Mama yake akamwekea kiganja mgongoni, akamwambia jambo kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Sikulifasiri kwa Mhifadhi, naye hakuniuliza.

Walizichukua zote. Mvua zilipopungua walinialika Suji, nami nikapanda. Elinihaki ndiye aliyekuwa amechanganya saruji ya kaburi la baba yake. Mama Namkunda alisimama kaburini mbele ya ndugu wa mumewe, wale wale, akasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu hakuwa mlevi. Mimi ndiye niliyekosea." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Sasa nimestaafu, ninalima mpunga Kihurio kwa binti yangu. Vijana wanaokusanya pesa za kale hunifuata kuniuliza ipi ina bei. Huwajibu ninavyojua. Lakini nikiwa peke yangu huzikumbuka zile za Suji: zimeoza pembe, zimepasuka katikati, hakuna mkusanyaji ambaye angezinunua. Sijapata kutunza noti nyingine kwa uangalifu kama ule.