Sambusa za Ijumaa

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana, basi chuoni kwetu, chuo cha Kikatoliki hapa Morogoro, kila mtu alikuwa na njaa yake. Mwenzangu wa chumbani, Mwislamu kutoka Tanga, alifuturu na wenzake kwenye mkeka nyuma ya hosteli, na kila jioni aliniita nikae nao.

Ijumaa moja nilitoka kanisani kwenye Njia ya Msalaba, magoti yakiniuma kwa ile sakafu ya saruji. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu, na adhana ikasikika kutoka mjini. Nikaenda moja kwa moja mkekani. Tende zikapita, uji ukapita, kisha sahani ya sambusa. Ilipokaribia kwangu, mwenzangu aliivuta akampa aliyekaa upande wangu wa pili. Nikadhani amejisahau. Sahani ikazunguka tena, akaniruka tena.

Damu ikanichemka. Mimi kukaa na jambo moyoni siwezi. Nikamwambia mbele ya wote, "Kama hunitaki hapa, si useme tu?"

Hakukasirika. Aligeuka, akafunua bakuli alilokuwa ameliweka nyuma yake. Lilikuwa na magimbi ya nazi, bado ya moto. Akanisogezea.

"Zile ni za nyama," akasema. "Leo si Ijumaa ya Kwaresima? Ninyi hamli nyama."

Kijitabu cha Njia ya Msalaba kilikuwa bado kwapani mwangu.