Gari Isiyokuwepo Ilipita Bigwa

Niliiona kwa macho yangu mawili, Ijumaa saa tisa mchana, inapanda kutoka Bigwa kuelekea Kiroka.

Gari ambayo kampuni yenyewe haijawahi kusema kama ipo.

Imebandikwa stika za mistari myeusi na myeupe mwili mzima. Taa zimezibwa nusu, namba zimefunikwa karatasi. Nyuma ekzosi nne, na inanguruma mpaka mama wa mihogo ya kukaanga aliacha kugeuza mihogo yake.

Kabla hujasema hii chai, nimetunga, vuta kiti kwanza. Mimi ndiye niliyewaambia watu miaka miwili mizima kwamba gari hiyo haipo.

Naitwa Luqmani. Nauza spea za magari hapa Moro mjini, na ni admin wa grupu la WhatsApp linaloitwa Wapenda Chuma Moro. Wadau mia nne na ushee, wenye magari hawafiki hamsini.

Sasa kuna gari moja ya familia, ya viti saba. Jina siweki, sitaki kesi, ila mnaijua. Ile ya baba mwenye watoto wanne, nyuma mkungu wa ndizi umelalia mabegi ya shule.

Uvumi ukaja kwamba kampuni inaliandaa kimyakimya toleo lake kali. Injini ya tabo mbili. Nguvu za farasi mia tano. Breki pana kama sinia la pilau.

Kila wiki picha mpya, na kila picha ina ukungu. Huyu kaitoa Ulaya, yule ana binamu bandarini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika neno moja: haipo.

Na aliyenibishia kuliko wote alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, Abdulswamad. Mwalimu wa hesabu, anakaa Kilakala na mkewe Zuhura na watoto wao wanne. Yeye alikuwa nayo ile ya kawaida, kuukuu, imechoka, tasbihi ya kijani ya marehemu baba inaning'inia kwenye kioo cha ndani.

"Kaka, nani atengeneze gari ya kubebea ndizi halafu iende mia mbili themanini?"

"Kwani baba wa watoto wanne hana moyo?"

"Moyo anao. Barabara ya kwetu Kinole ndiyo hana."

Tulianza hivyo mwaka ambao Shakila, mke wangu, aliondoka. Kila siku asubuhi kaka ananitumia uvumi, mimi naurarua vipandevipande, yeye anautetea. Nilikuwa naona ananichosha.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, akanitumia picha. Gari ya mistari, imepigwa kwa mbali, mbele ya ukuta usiopakwa rangi. Chini ameandika: "Haya bisha sasa, mdogo wangu."

Nilikuwa na mteja wa plagi. Nikaisoma, nikasema moyoni huyu naye kashaanza, nikarudisha simu mfukoni.

Saa nane Zuhura akapiga. Presha. Kaka alianguka darasani akiwa na chaki mkononi. Wakamkimbiza na bajaji, maana gari yake ilikuwa kwa fundi wiki hiyo. Alifika hospitali, lakini hakuamka tena.

Sikulia.

Tulimzika kwetu Kinole, kesho yake. Nilibeba jeneza, niliingia kaburini kumpokea, nilitupia udongo. Macho makavu. Tukarudi nyumbani nikala ubwabwa, nikaona chumvi imezidi. Hicho ndicho ninachokikumbuka vizuri kuhusu siku ile.

Umewahi kupigwa sindano ya ganzi wakung'oe jino? Unajigusa shavu, unajua ni lako, lakini hulisikii. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Siku ya tatu mama akaniita uani.

"Luqmani, ulikuwa na ugomvi na kaka yako?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona msiba huu umekuja kama mgeni?"

Nami nilitaka kujua.

Cha kuongezea, hata mtani wake mkubwa hakutokea. Athanas, Mnyamwezi, fundi bodi pale Msamvu, rafiki wa kaka tangu wakiwa vijana. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Anamwiga marehemu, anamsema, anawafanya watu wacheke huku wanalia. Athanas hakuja kuzika wala matanga. Watu wakamteta sana, mtani gani huyu.

Nikarudi mjini, nikafungua duka. Nauza, narudisha chenji, nalala, naamka. Kila siku nafungua meseji ya kaka. Haya bisha sasa. Niliona ningeandika nini, na mtu hayupo?

Ndipo nikaanza kuutafuta ule uvumi mwenyewe. Nilisoma mpaka kurasa za Wajapani, nikitumia tafsiri ya simu. Sikuwa na hamu ya gari. Nilikuwa nataka jibu moja tu, ipo au haipo, kwa sababu kama ipo, angalau ningekuwa na kitu cha kumwandikia kaka yangu.

Wiki tano zikapita.

Ijumaa ile nilikuwa nimepeleka breki za mbele kwa mteja Bigwa. Ndiyo nikaiona. Nikatoa simu, nikapiga picha mbili kabla haijakata kona.

Nikafungua meseji ya kaka, nikaandika: "Ipo. Umeshinda."

Ikakaa tiki moja.

Halafu nikatupia picha kwenye grupu, na hapo grupu likawaka. Mmoja akahesabu nati za magurudumu. Mwingine akasema wamechagua Uluguru kwa sababu ya milima, wanapima jinsi injini inavyopumua kwenye mwinuko. Mpaka jioni picha imefika kwenye kurasa za Dar, na wachambuzi wamekubaliana ni tabo mbili kweli.

Mdau mmoja akaniuliza, "Admin, si wewe uliyesema haipo?"

Nikajibu, "Nilikosea."

Jumapili ilikuwa arobaini. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa shughuli, kwa hiyo mjomba Salum alikaa mbele na masheikh. Kisomo kikaisha, wali ukaanza kupakuliwa. Mama yuko mkekani na wanawake wenzake, hanitazami.

Ndipo nikasikia mngurumo kutoka bondeni.

Watu wote wakageuka. Ikaja polepole, vumbi nyuma, mistari myeusi na myeupe, ikasimama kwenye kiwanja chetu palepale karibu na masufuria. Nilisimama na kanzu yangu, nikijua kabisa nimechanganyikiwa.

Mlango ukafunguliwa, akashuka Athanas.

Suruali kaipandisha mpaka karibu na kifua. Miwani haina vioo. Chaki sikioni. Akatembea bega moja chini, vilevile, hatua za kaka yangu. Zuhura akajifunika uso na mtandio.

"Shikamoo mama," Athanas akasema.

"Marahaba," mama akaitika, kwa sauti ndogo.

Akaja mpaka mbele yangu, akainua kidole.

"Haya bisha sasa, mdogo wangu."

Nikamwangalia yeye, nikaiangalia gari. Ekzosi zilikuwa mabomba ya maji ya plastiki yamepakwa rangi ya fedha, tena moja limeshadondoka njiani. Zile breki pana zilikuwa mifuniko ya sufuria. Na kwenye kioo cha ndani ilining'inia tasbihi ya kijani.

Nikatoa simu, nikaikuza ile picha ya Alhamisi. Tasbihi ilikuwepo muda wote, nyuma ya kioo.

"Aliileta mwenyewe Jumatatu ile," Athanas akasema, sasa kwa sauti yake. "Siku tatu tunabandika. Jumamosi alikuwa aje nayo dukani kwako, apige honi, akuone unavyotoka mbio. Picha aliipiga kwenye ukuta wangu."

"Na juzi Bigwa?"

"Nilikuwa naijaribu, kama itafika huku na haya maplastiki."

"Kwa hiyo kaka alikuwa anaamini ipo?"

"Swamadi? Mwalimu wa hesabu yule. Alikuwa anasema haipo kuliko wewe."

"Sasa miaka miwili alikuwa ananibishia nini?"

Athanas akavua ile miwani.

"Alisema tangu Shakila aondoke, huongei na mtu. Ukisalimiwa unaitika basi. Ila ukibishiwa habari za magari, unaongea hata saa nzima. Akaniambia, bora nionekane mjinga, nimsikie."

Akaitoa ile chaki sikioni.

"Mazikoni sikuja, nisamehe. Mtani ambaye hawezi kucheka anakwenda kufanya nini? Nikasema arobaini nitakwenda, na nitakwenda na kazi yake."

Nilianza kucheka. Nilicheka ile mifuniko ya sufuria, nikamcheka yule aliyehesabu nati, nikajicheka mimi. Sijui kicheko kiligeuka saa ngapi. Nilijikuta nimekaa chini, mgongo kwenye tairi, nalia kwa sauti kama mtoto, mbele ya mjomba na masheikh wote.

Mama akaja, akainama, akanishika kichwa.

"Haya," akasema. "Sasa umefika, mwanangu."

Nimewaomba radhi wadau na kufuta zile picha, lakini hakuna anayenisikiliza. Ukurasa mmoja unasema nimelipwa na kampuni ninyamaze. Kule kwa kaka meseji yangu iko palepale, tiki moja.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiwa na ndugu anayekubishia kila siku jambo lisilo na kichwa wala miguu, usimpuuze ukadhani ni mjinga. Pengine hilo jambo halimhusu kabisa, anakutafuta wewe. Mjibu siku hiyohiyo.

Mteja wa plagi angeweza kusubiri.