Mfungua Vichwa wa Magwagwa

Watu wa kanisani wangependa niseme baba yangu alikuwa mkulima wa chai, basi yaishe. Chai alikuwa nayo, ndiyo, na ilikuwa imejaa magugu kwa sababu hakuwa na muda nayo. Kazi ya baba, Ratemo, ilikuwa kufungua vichwa vya watu. Mimi ni binti yake, Bitutu, na sioni haya kulisema hilo. Anayeona haya akaonee kwake.

Kwetu Magwagwa mtu wa kazi hiyo huitwa omobari. Mtu akipigwa rungu au akiangukiwa na boriti, kidonda kikapona lakini kichwa kikaendelea kumgonga mwezi baada ya mwezi, aliletwa kwa omobari. Baba alimlaza juu ya majani ya mgomba, wanaume wanne wakamshika. Akapasua ngozi, akaifunua, kisha akaanza kuukwangua mfupa pale penye ufa, polepole, saa mbili, wakati mwingine tatu, kwa kisu kidogo kilichopinda ncha. Sindano ya ganzi haikuwepo. Mimi nilimwaga maji ya uvuguvugu ili damu isiufiche mfupa. Niliolewa Kiogoro nikiwa na miaka kumi na minane, nikarudi nikiwa na ishirini, kwa miguu yangu mwenyewe na kwa sababu zangu mwenyewe, na tangu hapo kumwaga maji kukawa kazi yangu. Mama alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani tulibaki watatu: baba, mimi, na mdogo wangu Walter.

Baba alifundishwa na mjomba wake, kwanza kwa vichwa vya mbuzi. Kabla hajapewa kisu aliambiwa mambo mawili. La kwanza, chini ya mfupa kuna utando mwembamba, na ubongo uko chini ya utando. Ukiuona utando, simama, weka dawa, rudisha ngozi, nenda kanawe. La pili, usimfungue mtu wa nyumba yako, mwite omobari mwingine, kwa maana mkono unaopenda hauna akili. Mambo hayo aliyashika miaka thelathini. "Aliyeuona ubongo ameua," alikuwa akisema, na watu walimwamini kwa sababu wagonjwa wake walirudi makwao wakitembea.

Walter naye alizaliwa na maswali. Ukimtuma maji mtoni anarudi na ndoo nusu na maswali matatu. Kwa nini mvua hushuka saa nane? Kwa nini tunaota? Alinichosha, nisiseme uongo, lakini nyumba bila maswali yake ilikuwa kimya kama jiko lisilo na moto. Alipoingia sekondari akapata mwalimu wa sayansi aliyempenda, na hapo ndipo tulipokoma. Mwaka ule wazungu walipotua mwezini, Walter hakulala. Asubuhi yake tulikuwa tunamenya ndizi, yeye na baba na mimi.

"Tata," alisema, ndivyo tunavyomwita baba, "mwalimu anasema mwanga wa nyota nyingine ulianza safari kabla babu zetu hawajafika milima hii."

"Huyo mwalimu alikuwepo?"

"Hakuwepo. Amepiga hesabu."

"Basi mwambie apige na hesabu ya mvua, nimepanda mahindi."

Walter alicheka. Kisha akajigonga paji la uso kwa kidole. "Lakini linalonishangaza mimi si nyota, Tata. Ni kwamba ziko mbali vile, na bado zinaenea humu ndani. Ulimwengu wote, ndani ya kitu kisichozidi kibuyu cha maziwa. Zinaingiaje? Wewe umefika mlangoni mara ngapi. Hujawahi kutaka kuchungulia?"

"Nyumba ya watu haichunguliwi," baba alisema.

Hilo lilikuwa jibu zuri, na ningelisahau, isipokuwa niliiona mikono yake. Alikuwa akimenya ndizi moja ileile mpaka ikabaki nyembamba kama kidole. Tangu siku hiyo akawa mtu wa ajabu. Alianza kuwauliza wagonjwa, kisu kikiwa juu ya mfupa, "Sasa hivi unafikiria nini? Na sasa?" Nilimgombeza mbele ya watu. Nikamwambia wamekuja kutolewa maumivu, hawajaja kufanya mtihani. Jioni nilimkuta ameketi na Walter ukutani, wanazungumza kama rika. Nilifurahi, nakubali. Baba hakuwahi kuzungumza vile na mtu yeyote tangu mama afe.

Mwezi wa tatu mwaka wa sabini, Walter alikuwa kidato cha nne. Mtihani ulikuwa Novemba, na mwalimu wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba akifaulu ataendelea mpaka chuo kikuu asome mambo ya nyota. Hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Siku moja kwenye mpira, yeye akiwa kipa, aliruka kuudaka mpira akajigonga kwenye mlingoti wa goli, gogo zima la mkaratusi. Hakuna aliyemsukuma. Walimmwagia maji, akaamka, akaja nyumbani akitembea. Kidonda kilikauka kwa wiki mbili.

Kichwa hakikupoa. Kufikia mwezi wa tano alikuwa akitapika asubuhi, na akifungua kitabu herufi zinaogelea. Hospitali mjini walimpa vidonge na kumwambia apumzike. Alipumzika mpaka akaanza kujigonga ukutani. Kisha akamwambia baba, "Nifungue."

Baba alisema hapana. Alimtumia ujumbe omobari wa Mosocho, mzee Okemwa, mtu mpole mwenye mkono safi, na Okemwa akajibu kwamba yuko na mgonjwa, atafika baada ya siku sita. Siku sita tu. Walter alikuwa amevumilia miezi miwili, angevumilia siku sita. Lakini asubuhi ya tatu baba aliniamsha, akasema nichemshe maji, kwa kuwa mtoto anaumia na yeye hawezi kuendelea kutazama.

"Na neno la mjomba wako?" nilimuuliza.

"Mjomba hakuwa na mtoto kama huyu."

Nilichemsha maji. Nilijiambia ni huruma inayomsukuma, na huruma ilikuwepo, sitamnyima baba yangu haki yake.

Majirani wanne walimshika Walter, lakini hakuwapa taabu. Aliuma kitambaa akatulia. Baba alifanya kazi vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Aliupata ufa, akaukwangua, na mfupa ulipofunguka ilitoka damu nyeusi nzito iliyokuwa imeganda pale tangu siku ya mpira. Walter alitema kitambaa.

"Imepungua," alisema. "Tata, imepungua kabisa."

Utando ulikuwa unaonekana. Niliuona mimi mwenyewe, unapanda na kushuka taratibu. Kazi ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa nimeshika bakuli la dawa tayari. Baba hakunyoosha mkono. Alirudisha kisu kwenye ukingo wa mfupa akaendelea kukwangua, akilipanua tundu.

"Tata, imetosha," nilisema.

"Mwaga maji."

Wale majirani hawakujua lolote, wao walishika tu. Mimi nilijua. Nilimwaga maji. Miaka yote hii nimejitetea kwa kila namna, ila maji niliyamwaga.

Walter, kwa sauti ya chini kama mtu anayesinzia, akauliza, "Unaona nini?"

Baba aliinama. Aliweka ncha ya kidole juu ya utando akaubonyeza kidogo, na ukapasukia kwenye ukingo wa mfupa, mpasuko kama punje ya mahindi. Yalitoka maji meupe, halafu damu. Baba alifunika haraka, akajaza dawa, akarudisha ngozi, na kitambaa nikamfungia mimi.

Walter aliungua na homa siku tisa. Okemwa alifika siku yake akamkuta katikati ya homa hiyo. Alimtazama Walter, akamtazama baba, akaondoka bila kula. Siku ya kumi homa ilishuka. Walter alifungua macho akaomba uji, na kichwa hakikumuuma tena hata siku moja. Kijiji kizima kilisema Mungu ni mkubwa.

Ilichukua muda tuelewe. Alitujua sote kwa majina. Alisoma, alijumlisha, alikumbuka wimbo wa mama. Mwalimu wake alikuja na vitabu, Walter akamsikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, mwalimu," akaviweka juu ya kabati, na juu ya kabati vikabaki. Novemba ilifika ikapita. Nilipomwuliza kwa nini hakwenda kwenye mtihani, alisema si lazima. Alisema kwa upole, bila uchungu wowote, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama aliyefiwa. Nilikuwa nimefiwa, sema tu sikuwa na maiti ya kuzika.

Walter aliingia kwenye chai ya baba akang'oa magugu yote. Ikawa chai safi kuliko zote mlimani. Alichuma, alikula, alilala. Hakuuliza kwa nini wala vipi. Wakati mmoja mwanzoni, jua limekwisha kuzama, baba alimshika mkono akamtoa uani, akamwonyesha juu.

"Zile ni nini, mwanangu?"

"Ni nyota, Tata."

"Na zimefikaje huku?"

Walter alifikiri kidogo. "Sijui," akasema, akarudi ndani kumalizia chakula chake kabla hakijapoa.

Nilimpeleka Walter mjini kwa daktari bila kumwambia baba. Daktari yule alikuwa mwungwana. Alisema yaweza kuwa mlingoti, yaweza kuwa kisu, yaweza kuwa homa, na hakuna mtu chini ya jua atakayejua ni kipi, kwa sababu ubongo haujaeleweka hata na wanaousoma maisha yao yote. Mimi nilishika neno mlingoti nikalishikilia kwa mikono miwili. Nilimpelekea baba kama zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nilishe ng'ombe.

Kisu hakukishika tena. Wagonjwa waliendelea kuja, wengine wamebebwa kwa machela kutoka mbali, naye aliwaelekeza Mosocho akiwa mlangoni, bila kuwakaribisha. Mtu mmoja, Mogaka, alifia njiani kati ya kwetu na Mosocho. Ndugu zake walikuja kututukana na baba akawasikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

Lakini kilichommaliza ni shukrani. Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda, na Walter, aliyekuwa mtu wa haya, sasa alisimama karibu kila Sabato. Alisema maneno yaleyale. "Nilikuwa na maumivu makali, na Mungu akautumia mkono wa baba yangu akayaondoa. Asante, Tata." Watu wakaitikia amina. Baba alivumilia Sabato mbili tatu, kisha akawa anatoka nje kabla ya ushuhuda kuanza. Wazee walimwita wakamwonya juu ya kiburi. Hakujitetea. Mimi nilitaka kusimama katikati ya kanisa niseme, ila ningesema nini?

Mwaka jana, sabini na nane, kifua kilimshika baba, na sote tulijua haponi. Alasiri moja alituita, Walter na mimi. Walter aliingia moja kwa moja kutoka shambani, kikapu cha chai bado mgongoni, akakaa kwenye kigoda. Baba alimwambia yote. Hakupunguza, hakuzungusha. Alimwambia kazi ilikuwa imekwisha, na damu mbaya imetoka, na yeye hakusimama. "Ningeweza kumngoja Okemwa," alisema. "Sikumngoja kwa sababu nilitaka iwe mimi. Nilitaka kuona zinapoingilia nyota zako. Nilikupanua zaidi kwa ajili ya macho yangu, mwanangu, si kwa ajili ya maumivu yako."

Walter akasema, "Na uliona nini?"

Miaka minane tulikuwa tumengoja huyu mtu aulize kitu, chochote, hata bei ya sukari. Baba alijiinua kwa kiwiko, na machoni pake niliona tumaini ambalo sitaki kuliona tena kwa mtu anayekufa. Niliomba awe na kitu cha kumpa. Adanganye, hata. Mungu angeelewa.

"Sikuona kitu," baba alisema. "Maji yalitangulia. Halafu damu."

Walter aliitikia kwa kichwa. "Pole, Tata," akasema, kama unavyompa pole mtu aliyetoka sokoni mikono mitupu. Akamfunika miguu vizuri na blanketi, akaweka kikapu chake sawa mgongoni, akatoka ili awahi gari la chai.

Baba alilia mpaka tukalisikia gari likiondoka kituoni. Nilikuwa nimekaa karibu naye, kwenye kitanda kimoja, na sikumshika mkono.