Jani la Sale Nililolikanyaga

Siku ndugu yangu alipokuja kuniomba msamaha, nilikuwa nimekaa mlangoni pangu nikikariri Baba Yetu. Nasema hivyo mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia visingizio. Nilikuwa mtu mzima, akili zangu timamu, na maneno yenyewe ya sala yalikuwa mdomoni.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, aliyekosa haji na maneno matupu. Hukata jani la sale, lile refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka ya mashamba na makaburini, akalifunga fundo na kulileta kwa mikono miwili. Ukiletewa sale hukatai. Hata kama aliyelileta amekuulia mtoto, utalipokea, kisha mtakaa mzungumze. Sijapata kusikia mtu wa kwetu aliyelikataa kabla yangu.

Kosa lake lilikuwa hili. Wadachi, hao Wajerumani, walikuwa wakijenga boma lao Arusha, na askari walipanda huku kukusanya wanaume wa kubeba mawe. Mimi nilijificha migombani. Ndugu yangu, ambaye ni mdogo kwangu, walimkuta nyumbani, mkewe akiwa na siku nne tu tangu ajifungue. Walimchapa kiboko wakimtaka awaonyeshe mwanamume mwingine, la sivyo wangemchukua yeye. Akanyoosha kidole kuelekea migombani. Basi nikabeba mawe kutoka mtoni tangu mvua za vuli mpaka masika, mabega yakachubuka, nikala unga wenye wadudu, na kwa kila jiwe nilimlaani yeye. Ajabu ni kwamba sikumlaani hata askari mmoja. Askari niliwaogopa.

Niliporudi sikukanyaga kwake. Nilikwenda misheni nikaandikwa darasa la ubatizo. Ningependa kusema kwamba nilikwenda kumtafuta Mungu, lakini wakati ule nilikuwa nikitafuta mahali pa kujiona bora kuliko ndugu yangu. Mwalimu wetu, Mmeru mwenzetu aliyetangulia kubatizwa, alitufundisha kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo huwa kiumbe kipya, ya kale yamepita. Mimi nikaona hapo hapo kwamba ya kale ni ndugu yangu.

Akaja, basi, na jani lake. Alilishika kwa mikono miwili. Mama yetu alikuja nyuma yake, akasimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka awepo mtu wa kushuhudia.

"Kaka," alisema, "nimekuja."

Kwetu hilo jani ndilo linalosema yaliyobaki.

Nikainuka. Nikamwambia kwamba mimi sasa ni mtu wa misheni, nimeacha mambo ya kishenzi, sipokei majani. Alibaki amelinyoosha tu, akidhani labda hakunielewa. Nikalichukua, nikalitupa chini, nikalikanyaga.

Mama alijifunika uso kwa nguo yake. Ndugu yangu alilitazama lile jani chini ya mguu wangu, kisha akageuka akaenda zake. Nami, Mungu anisamehe, niliketi tena na kuendelea na sala yangu pale nilipokuwa nimeachia.

Kijiji kizima kilijua kabla jua halijatua. Mtu ambaye sale yake imekataliwa ni kama mtu aliyeachwa nje ya ukoo. Kwenye pombe ya ndizi walimpa kibuyu mwishoni, au hawakumpa kabisa. Mkewe alichota maji peke yake. Nilisikia hayo yote, na sitadanganya, yaliniingia vizuri kama uji wa asubuhi.

Wiki ya mwisho kabla ya ubatizo, mchungaji Mzungu alituita mmoja mmoja kutuuliza tumeacha nini. Wenzangu walisema pombe, matambiko, hirizi. Mimi nikajipiga kifua nikasimulia habari za jani. Mchungaji alifurahi mno. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mgeni, na nilimsimulia kana kwamba ndugu yangu aliniletea uchawi. Akasema Jumapili nitasimama kanisani niyaseme hayo mbele ya wote, wapate kujifunza.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni akitafsiri kila Kiswahili kilipotupiga chenga. Tulipotoka nje akanifuata mpaka kwenye ua, akaniuliza kwa Kimeru:

"Ndugu yako alikuwa anaomba nini?"

"Mwalimu, si unajua."

"Najua. Nataka uniambie wewe."

"Msamaha," nikasema.

"Na wewe, Jumapili unakuja kuomba nini?"

Hakungoja jibu, akarudi ndani. Nilibaki nimeshika fito za ule ua, masikio yakiniwaka. Miezi yote ile nilijiona mtu aliyetendewa ubaya, na ni kweli nilitendewa, lakini sasa nilijiona nilivyo, mtu mzima aliyemsimamisha ndugu yake mlangoni na jani lake mikononi. Nilitamani mtu anichape. Kuchapwa kungekuwa nafuu.

Sikwenda kwake. Kila siku nilisema kesho. Niliogopa kwamba atanifanyia kama nilivyomfanyia, na ningekuwa nimestahili.

Jumapili ikafika. Tulivikwa nguo nyeupe tukakaa mbele. Kanisa lilijaa, na wasiobatizwa walisimama nje penye madirisha. Mchungaji akaniita. Nikainuka, nikageuka kuwatazama watu, na dirishani nikamwona ndugu yangu. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa shuka yake safi, kama mtu anayekuja kwenye sherehe ya nduguye.

Nilisema, tena kwa sauti mbaya iliyokwaruza, kwamba nilimdanganya mchungaji. Nilisema lile jani si uchawi, ni ombi la msamaha, na nililikanyaga si kwa ajili ya Kristo bali kwa sababu nilimchukia aliyelileta. Nilisema kwamba pale mbele hakukuwa na mshenzi mwingine ila mimi. Nilikusudia kusema mengine, lakini kilio kilinishika, nikasimama pale na nguo yangu nyeupe nikilia mbele ya wanawake na watoto.

Mwalimu alimtafsiria mchungaji polepole. Mchungaji akashusha macho kwenye kitabu chake, akakifunga. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba leo hatanibatiza. Nikavua ile nguo, nikaikunja, nikaiweka juu ya benchi, nikatoka.

Nilibatizwa mwaka uliofuata, katika kanisa lile lile, na siku hiyo ilikuwa nzuri. Lakini watu wakiniuliza nilizaliwa mara ya pili lini, mimi huwasimulia siku niliyonyimwa ubatizo, na wengine hudhani uzee umenichanganya.

Kwa sababu siku hiyo ya kunyimwa, ndugu yangu alikuwa akiningoja nje. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu siku ile ya mwalimu: nitapiga magoti, mimi mkubwa, nitasema hivi na hivi. Nikaanza, "Mdogo wangu..."

"Acha, kaka," akasema. "Mama amepika. Twende tukale."

"Ngoja kwanza nikuambie."

"Nimesikia. Nilikuwa dirishani." Akanitazama kidogo, akaongeza, "Hata usingesema, ningekungoja."

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mwalimu alikuwa ametufundisha kwa miezi mingi nami nikakikariri kama kasuku, kwamba mtu anaweza kupewa kabla hajaomba, tena na yule yule ambaye yeye mwenyewe alimkosea. Nilikuwa sijatamka neno nisamehe. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo huona haya, na huona furaha, na siwezi kuzitenganisha.

Njia ya kurudi ilikuwa nyembamba. Kwa desturi mkubwa hutangulia, lakini yeye alipita mbele haraka, nikafuata nyuma huku machozi na kamasi vikinitiririka. Alijua ninalia. Alikuwa akisikia. Alizungumza njia nzima juu ya ndama wake aliyekataa kunyonya, kwa sauti ya kawaida, na hakugeuka nyuma hata mara moja mpaka tulipofika.