Gunia la Chumvi

Nilifuga ng'ombe wa maziwa miaka mingi kabla ya kuajiriwa kutunza wanyamapori, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Kazi ilikuwa katika shamba moja nje ya Eldoret, upande wa Burnt Forest. Mwenye shamba alikuwa na swala kadhaa na pofu watatu, wale jamii ya swala wakubwa kama ng'ombe, na watu walikuja kuwatazama, hata watoto wa shule ya jirani.

Chumvi niliwapa nilivyozoea kuwapa ng'ombe. Nalaza chini gunia kuukuu la mbolea, jeupe lenye mstari wa buluu, namwaga chumvi juu yake, isipotelee matopeni. Ng'ombe hulamba akaenda zake. Pofu jike, aliyelelewa kwa chupa na asiyeogopa mtu, alilamba chumvi kisha akaanza kutafuna gunia. Nilimwona. Nikasema atalitema.

Alipoacha kucheua, nilimnywesha mafuta ya kupikia, kama nilivyozoea kwa ng'ombe. Nikangoja. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto, ndipo nikamwambia mwenye shamba. Akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Amekula nini?"

"Majani tu, daktari. Labda watoto wa shule walimtupia takataka."

Mwenye shamba akasema hapohapo kwamba mtoto wa shule hatapita tena lango lake.

Daktari alimlaza pofu kwa dawa, akampasua ubavu. Alitoa donge kubwa kama kabichi, akaliosha kwenye karai. Zilikuwa nyuzi nyeupe, na mstari wa buluu ulikuwa bado unaonekana. Akageuka kulitazama gunia langu, lililobaki nusu.

"Mzee, watoto wa hapa huenda shule na magunia ya mbolea?"

"Hapana."

"Basi?"

"Ni langu. Nilimwona akilitafuna."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Na mafuta pia nilimpa mimi."

"Kuna kingine?" akauliza mwenye shamba.

"Hapana. Ni hayo tu."

Pofu alikufa asubuhi iliyofuata. Daktari alisema kama angeitwa siku ya kwanza, huenda pofu angepona. Hakusema kwa ukali.

Nilichimba kaburi mwenyewe. Kisha nikaenda shuleni kumwambia mwalimu mkuu kwamba mwenye shamba amewaruhusu watoto kurudi shambani.

"Kwani walikuwa wamefanya nini?" akauliza.

"Hakuna. Ni mimi."

Niliporudi nilichonga hori la mbao la kuwekea chumvi. Lilinichukua alasiri moja.