Nusu ya Kitenge, Siku ya Noeli

Ngee! Ngee! Ngee! Mpaka leo, fundi wa kinga, yaani baiskeli, akigonga chuma barabarani, mguu wangu mmoja unatangulia kabla sijafikiri. Ninyi tuliokua pamoja upande wa Fizi mnanielewa. Kengele zetu zilikuwa jante, ile rimu ya gari lililokufa zamani, imefungwa kwa waya kwenye mti na kupigwa na kipande cha chuma. Masomo jante, kanisa jante, na mtoto aliyechelewa alijua makalio yake yatajibu.

Nakumbuka Noeli ya kwetu mjini Baraka kabla mambo hayajaharibika. Wiki nzima mama alifua, akatwanga, akatuchana nywele mpaka macho yakavutika. Muchele ulinukia uani, nasi tulizunguka sufuria kama nzi. Lakini utamu wenyewe ulikuwa kanisani. Kila mtoto alipewa mstari wake wa kusema mbele ya watu. Ukimaliza, mama yako alitoka kule nyuma na vigelegele, akafungua kitenge cha juu kiunoni, akakitandika chini, nawe ukarudi kwenye kiti chako ukitembea juu yake kama mke wa gavana. Asiyetandikiwa, basi hana mtu.

“Sema kwa nguvu,” mama alinifundisha. “Mungu anasikia, lakini bamama ba nyuma habasikie.”

Kitenge chake kilikuwa cha manjano, na kilikuwa na tundu la ukubwa wa yai. Nilikichoma mimi kwa pasi ya makaa, nikiwa naota nimevaa viatu vya kisigino, naongoza korali kuimba kanisani. Nilingoja fimbo. Mama akaingiza kidole kwenye tundu, akacheka. “Sasa kila muntu atajua iko ya kwetu.”

Halafu ukaja ule mwaka. Vakansi kubwa, shule zilipofungwa, walinipeleka Kilembwe kwa mama mukubwa, dada yake mama. Wiki mbili tu, walisema. Vita vikakata njia. Tukasikia Baraka watu wamekimbia, wengine kwa mitumbwi, wengine hawakuonekana tena. Mwezi ukafuata mwezi mpaka Noeli ikafika. Sikumwuliza mtu kama mama yangu yu hai, kwa sababu niliogopa atanijibu.

Pale Kilembwe jante ya kanisa ilikuwa imeachiwa kazi moja: ikilia, kimbia. Kwa ibada, pasteri alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona mlangoni kama mwizi mwenye adabu. Asubuhi ya Noeli alininong'oneza na mimi: nitasema mstari wa wachungaji, nitakuwa wa mwisho.

“Mi nitakutandikia,” mama mukubwa akasema, akikoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

“Hapana, mama mukubwa.”

“Juu ya nini?”

“Hiyo kitenge si ya mama.”

Niliona haya, maana alinilisha miezi yote ile. Lakini moyoni niliona hivi: siku mtu mwingine atakaponitandikia, nitakuwa nimekubali kwamba mama hayupo.

“Basi utanyamaza?”

“Nitanyamaza.”

Na hapo hapo: ngee! ngee! ngee!

Mama mukubwa alibeba sufuria ya sombe ikichemka, mimi nikabeba mkeka, sijui wa nini. Tukaingia kwenye mihogo, tukalala chini. Pasteri alitupita na Biblia kwapani, kiatu kimoja. Kijiji kizima kikanyamaza. Kisha tukasikia sauti ya mwanaume, yenye kushangaa kabisa:

“Bandugu! Munaenda wapi? Iko Noeli!”

Kumbe alikuwa Papa Ndakala, ndivyo tulivyomwita, muuza ndakala, wale samaki wadogo wakavu, wa kule Lweba. Siku nne alisukuma kinga yake kutoka ziwani, kwa vijia vya porini. Amefika, amekuta uwanja wa kanisa mtupu, akaona jante inaning'inia, akadhani watu wamelala sana, akaigonga awaamshe.

Mama mukubwa akasimama katikati ya mihogo na sufuria yake. “We papa! Unataka kutuua na Noeli yako?”

“Kwetu banapiga jante, bantu banakuja. Hapa banapiga, bantu banakimbia. Munasali Mungu gani, ninyi?”

Kicheko kilianzia mbali, muhogo hadi muhogo, watu wakiinuka na majani kichwani. Pasteri alicheka mpaka akakaa chini. Papa Ndakala akafuta jasho, akauliza: “Dada ya Mama Riziki wa Baraka iko wapi?”

Mimi nikaacha kucheka. Riziki ni mimi.

Alifungua gunia la ndakala, akaingiza mkono mpaka chini, akatoa kitambaa. Nusu ya kitenge, kimekatwa kwa wembe, kinanuka samaki. Kabla hajasema lolote, kidole changu kilikuwa tayari ndani ya tundu.

“Iko muzima,” akasema. “Iko Ubwari na batoto bote. Alisema nusu ingine anafunga yeye. Siku njia itafunguka, mutashona.”

Mama mukubwa alilia machozi yakaingia kwenye sombe. Tuliila hivyo hivyo, na sijala sombe nyingine kama ile.

Njia ilifunguka, tukashona. Mshono umepinda katikati na mama bado anakivaa. Watoto wa leo wanaitwa kanisani kwa kipaza sauti, mstari wanausoma kwenye simu, na mama zao wanawapiga picha, kitenge kikibaki kiunoni kisije kikashika vumbi. Siwalaumu. Wamependeza, na hakuna anayelala kwenye mihogo. Ila wanasema kwa sauti ndogo sana, jamani! Bamama ba nyuma watasikia nini?

Mimi mwenyewe, Noeli ile ya Kilembwe, sikusikiwa na mtu. Pasteri aliogopa jante imesikika mbali, akafupisha ibada, mistari ya watoto ikaachwa. Watu walipokwenda kula, nilirudi kanisani peke yangu. Nikasimama mbele ya viti vitupu, nikasema mstari wangu wote, kwa nguvu. Kisha nikatandika nusu yangu chini, nikatembea juu yake. Hatua nne, ikaisha. Nikaiokota, nikaitandika tena mbele, nikatembea, nikaiokota tena, hivyo hivyo mpaka nikafika kwenye kiti changu.